Klachi ngumu: jua ugumu uko wapi kabla ya kushusha giaboksi

Gari likiingia gereji na dereva akasema klachi imekuwa ngumu, jibu linalotoka haraka ni "presha hiyo, tushushe giaboksi". Wakati mwingine ni kweli. Lakini yapo magari mengi ambayo giaboksi imeshushwa, pleti (sahani ya msuguano) na presha (kifuniko chenye springi kinachoibana) mpya zimefungwa, na pedali imebaki ileile, kwa sababu shida ilikuwa kwenye waya, kwenye mpira unaopitisha mafuta ya klachi, au kwenye bushi ya pedali chini ya dashibodi. Mwenye gari analipia kazi ya siku nzima kwa kosa ambalo lingeonekana ndani ya nusu saa.

Mguu unapokanyaga, nguvu inapita njia ndefu: pedali na bushi zake, kisha waya wa klachi au, kwa klachi ya mafuta, masta ya juu (silinda inayosukuma mafuta), bomba na masta ya chini (silinda inayosukumwa na mafuta hayo), kisha foku (mkono ndani ya nyumba ya klachi), rilizi beringi inayosukumwa na foku, na mwisho vidole vya springi ya presha. Ugumu unaweza kukaa popote humo. Dawa ni kuikata njia hiyo katikati na kuangalia ugumu umebaki upande gani. Ukishajua upande, unakata tena. Hakuna haja ya kubahatisha.

Kwanza, ni ugumu wa namna gani?

Kaa kwenye kiti, injini ikiwa imezimwa, ukanyage polepole mpaka chini mara tano au sita. Kwenye magari mengi madogo klachi haina msaada wa injini kama ulivyo wa breki, kwa hiyo ugumu ni uleule injini ikiwaka au ikizimwa. Fuso na magari mengine makubwa yana busta ya klachi inayotumia upepo; kwa hayo anza na geji ya upepo na mabomba yake, maana busta isiyopata upepo wa kutosha huufanya mguu ubebe kazi yote peke yake.

Ugumu uliokuja polepole kwa miezi, laini lakini mzito kutoka juu hadi chini, mara nyingi ni klachi iliyolika. Pleti ikipungua unene, vidole vya springi hubadilisha ulalo wake na kuhitaji nguvu kubwa zaidi kuvisukuma. Ugumu uliokuja ghafla, leo tofauti na jana, ni kitu kilichokatika, kilichochomoka au kilichonasa. Pedali inayokwaruza au kukwamakwama njiani ni chuma kinachosugua chuma: waya ulioanza kukatika nyuzi, au rilizi beringi inayopanda na kushuka kwenye bomba lake la kuegemea lenye mifereji. Pedali inayoshuka kwa shida na kurudi kwa uvivu inaelekeza kwenye mafuta yasiyopita vizuri au mipira ya masta iliyovimba. Na ile inayokuwa nzuri asubuhi kisha kukaza na kupanda juu gari likishapata moto, ina sababu yake maalumu nitakayoieleza mbele.

Jambo moja liwekwe wazi mapema: upepo kwenye mafuta haufanyi klachi kuwa ngumu. Unaifanya iwe laini na gia zikwaruze. Kwa hiyo kutoa upepo peke yake, kazi ambayo wengi huanza nayo, hakutibu klachi ngumu.

Chini ya dashibodi

Ingiza kichwa na tochi pale chini ya usukani. Ondoa kapeti, kapeti lililokunjwa nyuma ya pedali limeshawadanganya mafundi wengi. Kisha chomoa pini inayounganisha pedali na fimbo ya masta ya juu, au ncha ya waya, halafu isukume pedali kwa kidole. Inatakiwa iende bila kulia wala kukaza. Ikiwa ngumu hapo, umeshapata: bushi za pedali zimekauka au zimeliwa. Toa bolti ya pedali, futa vumbi lote, badilisha bushi za plastiki ikiwa zimechoka, paka grisi kidogo na urudishe.

Magari kadhaa ya Toyota yana springi ndogo ya kusaidia mguu kwenye pedali. Pedali ikivuka katikati, springi hiyo inasukuma pamoja nawe. Ikikatika au kuchomoka kwenye kiti chake, pedali inakuwa nzito ghafla na kila kitu kingine ni kizima. Kwenye gari la namna hiyo angalia pia kwamba springi imekaa sawasawa, maana ikifungwa vibaya baada ya kazi nyingine itapingana na mguu badala ya kuusaidia.

Kirikuu na magari mengine ya waya

Hapa Dodoma kirikuu, gari dogo la mizigo, ndiyo punda wa mji. Inabeba zabibu kutoka Hombolo na Mpunguzi, madumu ya maji, matofali, vitanda. Suzuki Carry nyingi zinatumia waya wa klachi unaotoka kwenye pedali, unapita chini ya sakafu na kurudi nyuma hadi kwenye mkono wa giaboksi. Njia hiyo yote iko karibu na vumbi la kiangazi na tope la masika, na waya ndio mshukiwa wa kwanza.

Fungua nati ya kurekebishia kule kwenye giaboksi na uutoe waya kwenye mkono. Chomoa na ncha ya juu. Sasa shika waya wa ndani kwa vidole viwili, uvute na kuurudisha. Waya mzima unateleza bila ubishi. Ukikaza, ukikwaruza, au ukiona nyuzi zimeanza kuchanua kwenye ncha, waya huo umekwisha. Usijaribu kuufufua kwa kumimina oili. Waya nyingi zina ganda la plastiki ndani ambalo halihitaji kilainishi, na oili ikikutana na vumbi letu inageuka uji wa kusagia. Utapata nafuu ya wiki mbili, kisha ugumu unarudi ukiwa mbaya kuliko mwanzo.

Kabla ya kufunga waya mpya, tafuta kilichoua ule wa zamani. Je, ulikuwa umekunjwa kona kali? Ulikuwa unagusa ekzosi? Klipu zake zote zipo? Na kuna sababu moja ambayo watu hawaifikirii kabisa: waya wa ethi wa injini, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Ethi ikilegea au kuoza, umeme mkubwa wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na waya wa klachi ni njia ya chuma iliyo tayari. Kila unapowasha gari, waya unapata moto na ganda la plastiki ndani linayeyuka. Ukikuta waya umeungua ndani, au waya mpya umekaza baada ya wiki chache, chukua mita, weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma safi cha injini, mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, safisha au badilisha ethi kwanza. Bila hivyo utakuwa unanunua waya kila mara.

Waya ukiwa nje, ujaribu pia mkono wa giaboksi. Usukume kwa mkono: kwanza kunakuwa na mwendo mwepesi, kisha unagusa springi ya presha na hapo mkono wa mtu hautaendelea. Kama hakuna hata ule mwepesi wa mwanzo, au mkono unaachwa mbele na haurudi, bushi za shafti ya foku zimekauka. Hizo ziko kwenye ganda la giaboksi na zinashika kutu baada ya gari kuvuka makorongo yenye maji.

Ukifunga waya mpya, rekebisha nafasi ya bure ya pedali, yaani mwendo mwepesi kabla klachi haijaanza kusukumwa. Kwa magari mengi ya waya ni milimita 15 hadi 25, lakini kipimo cha kufuata ni cha kitabu cha gari lako. Pima kwa rula kwenye uso wa pedali, si kwa macho. Nafasi ikiwa sifuri, rilizi beringi inazunguka muda wote, vidole vya presha vinalika, na klachi itaanza kuteleza mlimani.

Magari yenye klachi ya mafuta: jaribio la nipeli

Hiace, Hilux, Coaster, Canter na Corolla nyingi zinatumia masta mbili. Hapa kuna jaribio moja ambalo lina thamani kuliko yote, na halihitaji kifaa zaidi ya spana, mpira mwembamba unaopitisha mwanga na chupa.

Tafuta masta ya chini ubavuni mwa giaboksi. Safisha nipeli ya kutolea upepo kwa brashi ya waya kabla ya kuigusa; vumbi likiingia humo utakuwa umeongeza tatizo. Vaa miwani. Chomeka mpira kwenye nipeli, ncha ya pili ndani ya chupa. Fungua nipeli nusu mzunguko kwa spana ya namba 8 au 10, kisha mwenzako akanyage pedali polepole. Mafuta yatatoka, na pedali itabaki chini. Ainue kwa mkono baada ya wewe kufunga nipeli.

Pedali ikiwa nyepesi na laini wakati nipeli iko wazi, basi pedali, masta ya juu, bomba na mpira viko salama. Shida iko mbele: masta ya chini, foku, beringi au presha. Pedali ikibaki ngumu hata nipeli ikiwa wazi, shida iko nyuma, na giaboksi haina kosa. Usiiguse.

Ukibaki upande wa nyuma, endelea kukata. Legeza kiungo cha bomba kabla ya ule mpira mfupi unaoshuka kwenye giaboksi, weka kitambaa, mtu akanyage taratibu. Ikiwa nyepesi sasa, mpira umeziba. Mpira wa mafuta unaozeeka huvimba ndani huku nje ukionekana mzuri, na kipande cha ngozi yake ya ndani kinaweza kukaa kama mlango: mafuta yanapita kwa shida kwenda, na kwa shida zaidi kurudi. Badilisha mpira. Ikiwa bado ngumu, angalia bomba la chuma kama limebonyezwa na jiwe, kisha masta ya juu yenyewe.

Masta ya juu inakaza kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kutu ndani ya silinda. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, na ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili hata kama gari halitembei sana. Ya pili ni mafuta yasiyofaa. Mtu anaona kikopo cha mafuta ya klachi kimepungua, anamimina oili ya injini au ya hidroliki iliyokuwa karibu. Mipira ya masta haikutengenezwa kwa oili ya madini. Inavimba na kubana silinda. Fungua kifuniko cha kikopo uangalie mpira ulio chini yake. Ukiwa umevimba, umelegea na haurudi kwenye nafasi yake, jua mipira yote chini iko hivyohivyo. Hapo hakuna njia ya mkato: masta zote mbili, mpira wa bomba, na bomba la chuma lisafishwe kwa spiriti mpaka litoke safi. Baadhi ya magari yanatumia kikopo kimoja kwa klachi na breki. Kwenye gari la namna hiyo mipira ya breki nayo imeshaliwa, na gari lisitembee mpaka mfumo wote ushughulikiwe.

Sasa ile pedali inayokaza na kupanda gari likipata moto. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta ya juu panatakiwa nafasi ndogo, kwa magari mengi ya Toyota milimita 1 hadi 5 ikipimwa kwenye pedali. Nafasi hiyo inaruhusu pistoni kurudi nyuma kabisa na kufungua tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kikopo. Mtu akirefusha fimbo ili "klachi ishike juu", tundu linabaki limefunikwa. Mafuta yanapata moto kutoka kwenye injini, yanatanuka, hayana pa kwenda. Pedali inakaza, na presha inaanza kusukumwa kidogo bila mtu kukanyaga, klachi inateleza. Kwenye jua la saa nane la Oktoba, na foleni ya wafanyakazi wanaotoka Mtumba, hali hiyo inakuja haraka. Ushahidi wake ni rahisi: gari likiwa na moto, fungua nipeli bila mtu kugusa pedali. Mafuta yakiruka yenyewe, yalikuwa yamefungiwa. Rekebisha fimbo, na shida imekwisha bila kununua kitu.

Masta ya chini na foku

Ukifika upande wa mbele, toa masta ya chini. Nyingi zina bolti mbili za spana ya 12. Usitenganishe bomba lake, iache ining'inie, na mtu yeyote asikanyage pedali, kwa sababu pistoni itaruka nje. Fungua nipeli, sukuma fimbo yake ndani kwa kidole gumba. Iingie laini. Ikikwama, ivue mpira wa vumbi uone: mara nyingi utakuta tope jekundu na kutu. Mikwaruzo ikiwa ndani ya silinda, seti mpya ya mipira haitasaidia, nunua masta nzima.

Masta ikiwa nzuri, sukuma foku kwa mkono kama nilivyoeleza kwenye kirikuu. Angalia pia ule mpira mkubwa unaoziba tundu la foku. Mpira huo ni kitu cha bei ndogo na unadharauliwa mno. Ukichanika, vumbi la barabara za ndani za Kondoa na Mpwapwa linaingia moja kwa moja kwenye nyumba ya klachi, linakaa juu ya grisi ya rilizi beringi, na linatengeneza msasa. Bomba ambalo beringi inapandia linachimbika mifereji, na ndipo pedali inapoanza kukwaruza. Mpira mzima unaofungwa kwa dakika tano unaweza kukuepusha na kazi yote inayofuata hapa chini.

Giaboksi ikishushwa kwa haki

Ikiwa majaribio yote yamekuleta hapa, shusha bila kusita, na ufanye kamili. Toa hasi ya betri. Kama unafanyia kazi kwenye uwanja wa mchanga, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi; mchanga wetu hauaminiki, na giaboksi ya Hiace si kitu cha kukuangukia kifuani. Vumbi la klachi usilipulize kwa kompresa, kwani pleti za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowana.

Angalia ncha za vidole vya springi ya presha. Kwa Toyota nyingi, alama ya kulika ikizidi kina cha milimita 0.6, presha imekwisha. Vidole vyote viwe kimo kimoja. Kimoja kikiwa kimezama, pedali itatetemeka. Pima kina kutoka uso wa pleti hadi kichwa cha ribiti: chini ya milimita 0.3, pleti imekwisha. Zungusha rilizi beringi sikioni. Ichezeshe kwenye bomba lake. Bomba likiwa na mfereji unaonasa ukucha, libadilishe, maana beringi mpya kwenye bomba bovu itakwaruza kama ya zamani. Angalia kichwa cha duara ambacho foku inaegemea. Kikikauka kinatoboa foku, na foku iliyopinda au kutobolewa haistahili kurudishwa. Oili ikiwa imetapakaa, badilisha sili ya nyuma ya injini au ya mbele ya giaboksi sasa hivi, usisubiri pleti mpya ilowane.

Dukani, linganisha ya zamani na mpya juu ya kaunta: kipenyo cha pleti, idadi ya meno ya katikati, kimo cha vidole, kimo cha beringi. Presha ya injini kubwa zaidi inaweza kuingia kwenye bolti zilezile, lakini springi yake ni kali zaidi, na gari linatoka gereji likiwa na pedali ngumu kuliko lilivyoingia. Watu huisifu kwamba "haitelezi". Mzigo wake unabebwa na foku, masta, ukuta wa pedali, na vipande vinavyozuia krankishafti isisogee mbele na nyuma. Kwa gari la kawaida, funga klachi ya gari hilo.

Safisha flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa juu yake) na uso wa presha kwa spiriti au dawa ya kusafishia breki, si dizeli. Geuza pleti upande sahihi, iweke katikati kwa shafti ya kuigiza, ile bandia ya kulenga pleti. Kaza bolti za presha kwa kuvuka, moja huku nyingine ng'ambo, kidogo kidogo kwa raundi kadhaa. Kwa Toyota nyingi kipimo ni nyutoni mita 19. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, kifuniko cha presha kinapinda. Grisi iwe ya klachi, inayostahimili joto: utando mwembamba kwenye kichwa cha duara, ncha za foku, ndani ya beringi, na alama tu kwenye meno ya shafti. Ya ziada itarushwa kwenye pleti.

Kama ulifungua mfumo wa mafuta, jaza mafuta ya breki ya DOT 3 au aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, utoe upepo: mwenzako anakanyaga na kushikilia, unafungua nipeli robo mzunguko, unafunga kabla hajaachia. Nusu lita inatosha kuosha mfumo na kubakiza. Kikopo kisishuke chini ya theluthi moja, na mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja.

Pima tena nafasi ya bure ya pedali, kisha toka nalo barabarani. Tafuta mwinuko, simama, ondoka kwa gia ya kwanza mara kadhaa, ingiza rivasi gari likiwa limesimama, isikwaruze. Tembea nusu saa mpaka kila kitu kipate moto, halafu kanyaga tena injini ikiwa imezimwa. Baada ya kilomita 500 hivi, pleti ikishakaa, rudi chini na rula upime nafasi ile kwa mara nyingine, hasa kwenye kirikuu, kwa sababu waya mpya hunyooka kidogo.